SOMO LA WANACHAMA: BIMA YA MAISHA NA GHARAMA ZA MAZISHI



Mazishi hayangoji, bali fedha za bima hungojea karatasi. Wapo miongoni mwetu watumishi wa umma wanaodhani kwamba, wakiwa na bima, familia zao hazitahangaika siku ya msiba. Hebu tutazame mfano wa Marekani.

Serikali ya Marekani iliwaanzishia watumishi wake bima ya maisha ya pamoja mwaka 1954. Kiasi cha msingi hupatikana kwa kupandisha mshahara wa mwaka hadi elfu kamili inayofuata, kisha kuongeza dola 2,000. Hivyo mwenye mshahara wa dola 40,500 huhesabiwa dola 43,000. Kwa watumishi walio wengi, Serikali hulipa theluthi moja ya ada, na mtumishi theluthi mbili.

Fedha hizo ni haki ya mnufaika, wala hazikutengwa kwa ajili ya mazishi. Mnufaika huleta hati ya kifo na fomu ya madai. Asipokuwa na fedha mkononi, aweza kutia sahihi ili sehemu ya haki yake ilipwe moja kwa moja kwa kampuni ya mazishi, nayo inayosalia apewe yeye.

Mnufaika ni nani? Ni yule aliyeandikwa kwenye fomu ya uteuzi. Ikiwa hakuna aliyeteuliwa, hutangulia mjane au mgane, kisha watoto, kisha wazazi. Wosia peke yake hauwezi kuitengua fomu hiyo.

Mtumishi mmoja wa Serikali hiyo, katika jimbo la Virginia, alimteua mkewe mwaka 1996. Waliachana mwaka 1998, naye akaoa mke mwingine mwaka 2002. Alipofariki mwaka 2008, fomu ilikuwa ile ile ya zamani. Mtalaka wake akalipwa zaidi ya dola 124,000. Mjane alishitaki, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kuwa fedha ni za mtalaka. Mjane hakupata kitu katika bima hiyo.

Katika vyama vyetu vya akiba na mikopo pia mwanachama hujaza jina la mteule wake. Wengi hulijaza siku ya kujiunga na kulisahau. Kwa hiyo:

1. Kila mwanachama aisome upya fomu yake aoapo, aachapo, apatapo mtoto au afiwapo na mteule wake.
2. Amwambie mteule mahali hati zilipo.
3. Aweke akiba ndogo ya siku za kwanza za msiba, kabla madai hayajalipwa.
4. Katibu akumbushe jambo hili katika kila mkutano mkuu.

Maswali ya kujadiliwa:

(a) Je, jina lililo kwenye fomu yako ni la mtu ambaye ungependa alipwe leo?
(b) Je, mtu huyo ndiye atakayekuzika? Kama siye, mmekwisha kupatana?