Mafuriko Si Akiba
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu vuli kavu inayofuata masika ya gharika

Kimeandikwa kwa nani

Kijitabu hiki ni cha mkulima, mfugaji na kila mwenye nyumba wa mikoa yenye misimu miwili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kwa Tanzania mikoa hiyo ni Tanga, Pwani, Dar es Salaam, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba, Kilimanjaro, Arusha, Manyara, ukanda wa Ziwa Victoria na kaskazini mwa Kigoma. Ndugu zetu wa Kenya wanaopanda kwa mvua fupi watakuta mengi yanayowahusu. Anayelima Iringa au Mbeya, kwenye msimu mmoja, anaweza kuruka hadi sehemu ya ghala.

Tumekiandika kwa sababu ya maneno yanayosikika kila baada ya mafuriko: "Mwaka huu ardhi imekunywa, vuli tutapanda tu." Anayesema hivyo si mjinga. Alama ya tope bado iko ukutani, usawa wa kifua. Nani atawaza kiu mbele ya ukuta kama huo? Hata hivyo, vuli inayokuja baada ya masika ya gharika imewahi kuwa kavu kuliko kawaida, na zaidi ya mara moja.

Mwenye umri wa miaka 30 ameyaona yote

Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 mvua za El Niño zilikata barabara na reli sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Vuli ya 1998 ikaja haba, ukame ukaendelea, na kufikia mwaka 2000 Kenya ilikuwa kwenye mgawo wa umeme kwa kuwa mabwawa ya kufulia umeme yalikuwa yamepungua mno.

Ikaja vuli ya 2019, iliyonyesha kupita kiasi, na masika ya 2020 yakaongezea juu yake. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likavuka kidogo kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee walidhani hakitafikiwa tena. Nyumba na mashamba ya mwaloni yakaingia maji. Miezi mitano tu baadaye vuli ikakataa. Kwa mashariki na kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia, vuli hiyo ya 2020 ilikuwa ya kwanza katika misimu mitano mfululizo iliyoharibika, hadi mwisho wa 2022. Nchini Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Huku kwetu, Oktoba 2022 wakazi wa Dar es Salaam walianza kupata maji kwa mgawo baada ya mto Ruvu kupungua.

Aprili 2024 ilikuwa zamu ya Rufiji na Kibiti kukaa chini ya maji. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini kutokana na mvua na madhara yake. Mwanzoni mwa Mei kikafuata kimbunga Hidaya. Kisha, Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatangaza kwamba vuli ingekuwa ya wastani hadi chini ya wastani katika maeneo mengi. Lilikuwa tangazo gumu kumeza kwa mtu aliyekuwa bado anajenga upya choo kilichobomolewa na maji. Miezi ilipofika, mashariki mwa Kenya na Somalia mvua zilikuwa chache kweli.

Mvua yetu hupikwa mbali

Vuli ya Afrika Mashariki hutegemea sana joto la maji ya bahari mbili. Ya kwanza ni Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, hewa yenye unyevu huvutwa kuelekea pwani yetu na mvua huwa nyingi; ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019. Joto likihamia upande wa Indonesia, mawingu hulifuata huko, na sisi tunabaki na upepo na vumbi.

Bahari ya pili ni Pasifiki. El Niño ni pale maji ya katikati na mashariki ya bahari hiyo yanapopata joto lisilo la kawaida, na mara nyingi hutuongezea mvua za vuli. La Niña ni kinyume chake: maji hayo hupoa, na vuli yetu hupungua. Jambo la kulishika ni kwamba El Niño yenye nguvu mara nyingi hufuatwa na La Niña. Ndiyo maana gharika na ukame huonekana kama mtu na mdogo wake. Hawafuatani kila mara, kwani masika ya 2020 yalifuata vuli iliyokuwa nayo imejaa maji, lakini hufuatana vya kutosha kumfanya mtu mwenye busara aulize kabla ya kununua mbegu.

Tunasema "aulize" kwa makusudi. Watu wengi huuweka utabiri wote wa msimu kwenye kapu moja, wakisema hao wa hali ya hewa wanabahatisha. Si sawa. Masika hayatabiriki kwa urahisi, hilo wataalamu wenyewe wanakiri. Vuli, kwa sababu ya uhusiano wake na bahari hizo mbili, hutabirika vizuri zaidi. Ukiwa na muda wa kusikiliza utabiri mmoja tu kwa mwaka, sikiliza ule wa vuli unaotolewa kuelekea Septemba.

Ardhi iliyofurika haikushiba

Mvua ya taratibu huzama. Mvua ya kishindo hupiga udongo, huvunja chembe zake, huziba vitundu vya juu na kuacha gamba. Maji yanayofuata hayana pa kuingilia, hivyo huteremka na udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, hadi mtoni na hatimaye baharini. Kilichobaki shambani ni udongo wa chini, mgumu na maskini. Naitrojeni nayo husombwa au huzamishwa chini ya mizizi. Kwa hiyo shamba lililopitiwa na gharika linaweza kuingia vuli likiwa na kiu na njaa kwa pamoja.

Malambo nayo huumia. Lambo lililojaa hadi kufurika Aprili, tope likijaa nusu ya kina chake, litakauka mapema kuliko mwaka uliopita. Wanakijiji husema lambo limelaaniwa, kumbe limejaa udongo wa mashamba yao wenyewe.

Lakini kuna mahali ambapo mafuriko huwa akiba, na wenyeji wake walilijua hilo kabla ya vijitabu. Bonde la Rufiji lina kilimo cha mlau: maji ya mto yanaporudi nyuma, watu hupanda mahindi na mazao mengine kwenye tope lililoachwa, na mazao hayo huishi kwa unyevu wa chini bila kungoja mvua nyingine. Wapokomo wa mto Tana wana desturi inayofanana na hiyo. Hawa hawakungoja vuli. Waliyafuata maji yalipokuwa bado ardhini. Mwenye shamba la bondeni aliyefurikiwa Aprili ana nafasi Mei na Juni. Akiiacha hadi Oktoba imepita.

Shamba la mteremkoni linahitaji kazi ya mikono wakati wa kiangazi, kati ya Julai na Septemba. Vunja gamba. Chimba makinga maji kwa kufuata kontua, kama matuta ya fanya juu yaliyouokoa udongo wa Machakos. Au chimba mashimo ya Chololo, yaliyoanzia katika kijiji cha Chololo, Dodoma: vishimo vilivyopangwa mistari, samadi ndani, mbegu ndani, hata mvua ya kunyunyiza ikusanyike penye mzizi. Usichome mabua. Yatandaze. Tunajua ng'ombe wa jirani watayamezea mate. Hilo ni la mkutano wa kijiji, na ni vema liingie kwenye ajenda mapema.

Kopo na rula

Hasara kubwa ya vuli kavu hutokana na mvua ya kwanza ya uongo. Inanyesha siku moja, harufu ya udongo inapanda, kila mtu anatoka na jembe. Mbegu inaota, kisha jua la wiki mbili. Kupanda mara ya pili ni kununua mbegu mara ya pili.

Weka kopo lenye pande zilizonyooka, la maziwa ya unga kwa mfano, mahali pa wazi mbali na miti na paa. Baada ya kila mvua pima kina cha maji kwa rula ya mtoto wa shule, andika, mwaga. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni milimita 20 ndani ya siku tatu, yaani sentimita 2 kwenye kopo lako, bila ukame mrefu kufuatia. Ukame unaofuata huwezi kuuona kwa kopo. Hapo sikiliza utabiri wa siku kumi redioni. Kisha chimba kina cha kiganja na vidole, chukua udongo, ufinye. Ukishikamana kama tonge la ugali, kuna unyevu. Ukimwagika kama unga, subiri.

Katika vuli iliyotabiriwa kuwa haba, mahindi ya muda mrefu ni kamari. Mbegu za muda mfupi kama Katumani, inayokomaa kwa takriban siku 90, zina nafasi nzuri zaidi, ingawa nazo hufa jua likizidi. Ongeza kunde, choroko, mtama, na mihogo pembeni. Tunafahamu kwamba mtama hauna heshima mezani kama mahindi. Tumbo likiwa tupu heshima hiyo haisaidii. Nunua mbegu dukani ikiwa na lebo ya ubora, na usimalize akiba yote ya mbegu kwa kupanda siku moja.

Maji ya kunywa

Kisima kilichofunikwa na mafuriko si salama kwa sababu tu maji yake sasa yanaonekana maangavu. Vyoo vilifurika kwenye maji yaleyale. Kisima hicho kinahitaji kukombwa maji yote, kusafishwa na kutiwa klorini chini ya uangalizi wa bwana afya au bibi afya. Mpaka hapo, chemsha hadi maji yatokote kabisa kwa dakika moja, au tatu ukiwa nyanda za juu sana, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Kipindupindu hakiondoki na mafuriko: vuli ikikauka, watu wengi hubanana kwenye chanzo kimoja kilichobaki, na ugonjwa unawakuta pale. Pwani na visiwani kuna jambo la ziada. Maji matamu ya chini yakipungua huku pampu zikiendelea kuvuta, chumvi ya bahari hupanda kisimani.

Paa lako ni chanzo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 500. Hata zikipotea lita 100 kwa kurukia nje na kuvuja, zimebaki lita 400: ndoo 20 za lita 20 ambazo hakuna mtu aliyezibeba kichwani. Na hiyo ni mvua ya siku moja katika vuli mbaya. Funga mifereji kabla ya Oktoba, yaache maji ya kwanza yaoshe bati yaende zake, kisha elekeza kwenye simtanki au pipa lenye mfuniko. Pipa lisilo na mfuniko ni kitalu cha mbu.

Mifugo

Tuna machache ya kusema, maana wafugaji wanajua. Wasukuma wamekuwa na ngitili kwa vizazi: eneo la malisho linafungwa nyasi zikiwa nyingi, linafunguliwa kiangazi kikikaza. Mwaka wa gharika ndio mwaka wa ngitili nzuri, kwa kuwa nyasi zipo. Funga mapema, vuna nyasi na mabua, weka chini ya paa. Na kama utabiri wa vuli ni mbaya, uza madume na wanyama wazee Agosti wakiwa na nyama. Ng'ombe wa Januari, mbavu nje, huuzwa kwa bei ya ngozi.

Ghala na sumukuvu

Sehemu hii tumeiandika kwa wote, wa msimu mmoja na wa miwili. Mahindi na karanga vilivyobanwa na ukame vikikaribia kukomaa hushambuliwa kwa urahisi na ukungu unaotoa sumukuvu. Vikivunwa na kuwekwa vikiwa na unyevu, ukungu huongezeka. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kuchemsha ugali hakuiondoi. Mbwa na kuku nao wasipewe punje zilizooza.

Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu. Njia ya kujaribu ukavu: weka mahindi machache kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, chagua punje zenye ukungu na zilizovunjika uzitupe, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Kabla ya Septemba kwisha

Mwenyekiti wa kijiji au mtaa anayesoma hapa tunamwomba mambo mawili. Itisha siku mbili za kuzoa tope lambo lingali kavu. Tope hilo ndilo udongo wenu wa juu. Lirudisheni mashambani kwa mikokoteni. Andikeni kwenye ubao wa ofisi utabiri wa vuli siku unapotoka, kwa herufi kubwa, na chini yake orodha ya mbegu zilizopo dukani. Afisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa kuhusu mbegu inayofaa udongo wenu, na huduma yake hailipiwi.