Kiyoyozi juu ya paa Mji Mkongwe: kibali kwanza, fundi baadaye

Kaskazi ikishaingia na joto likaanza kulala vyumbani, swali hili huja tena: mwenye nyumba Kiponda au Shangani anauliza kama ana ruhusa ya kuweka mashine ya AC juu ya paa lake mwenyewe, au na hilo nalo ni la kuomba kibali serikalini.

Ni la kuomba. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni eneo la hifadhi, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985 na ambayo leo inaongozwa na Sheria Namba 3 ya 2010. Kazi inayobadili sura au umbo la jengo inahitaji kibali cha Mamlaka kwa maandishi kabla haijaanza. Feni ya chumbani haimhusu mtu. Lakini mashine ya nje, na stendi yake, na mabomba yanayoteremka ukutani, inabadili sura ya nyumba, hata kama imekaa juu ambako mpita njia haioni. Na kama una shemeji Dar es Salaam aliyekwambia mambo ni mepesi, ushauri wake uache huko huko: ardhi na ujenzi si mambo ya Muungano, Zanzibar ina sheria zake.

Wengi hudhani Mamlaka inajali picha za watalii tu. Mtazame fundi akitoboa ukuta utaelewa kuna zaidi. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko ambazo ncha zake zimeingizwa ukutani. AC ikifanya kazi kwenye hewa nzito ya pwani hutoa lita kadhaa za maji kwa siku. Fundi mvivu huuacha mpira wa maji ukidondokea ukutani. Chokaa hunyonya, chumvi iliyomo kwenye jiwe hutoka, plasta huvimba na kumeguka, na mwisho unyevu hufika kwenye ncha ya boriti, pale ambapo jicho halifiki. Inaoza kimya kimya. Juu yake kuna mashine yenye kilo thelathini hivi, inayotikisika usiku kucha, na mara nyingi si moja bali nne, za vyumba vinne vya wageni. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilianguka na watu wawili wakafa. Pale haikuwa AC, lakini mji mzima uliona nyumba ya chokaa iliyochoka inavyoporomoka.

Kabla ya kwenda Mamlaka jiulize paa ni la nani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyingine ni za Serikali. Mpangaji, hata aliyekaa miaka thelathini, anahitaji barua ya mwenye mali. Nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa ni ya warithi wote, kwa hiyo saini ya kaka mkubwa peke yake itakuletea ugomvi. Na kama ukuta ni wa pamoja na jirani, mwone jirani kabla ya kuutoboa.

Ombi zuri linamjibu mkaguzi kabla hajauliza. Ambatisha hati ya umiliki au barua ya ridhaa, picha za paa na za nyumba kutoka pande zote za kichochoro, mchoro unaoonyesha mashine itakaa wapi, uzito na kelele yake kama alivyoandika mtengenezaji, na bomba la maji litaishia wapi. Maoni yangu, ambayo mafundi wengi hawayapendi: kama nyumba ina ua wa ndani, omba kuweka mashine chini uani. Maji utayaongoza vizuri, dari itapumzika, na ombi litakuwa jepesi kutetea. Paa liwe chaguo la mwisho, na stendi ikae mahali ambapo mhandisi amethibitisha panabeba.

Haki zako ni hizi. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine anastahili kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kwa hiyo nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Bila hizo hujui urekebishe nini wala ukate rufaa juu ya nini. Ukiambiwa hoteli ya jirani ilikubaliwa na wewe hapana, uliza tofauti ni nini, kwani huenda ipo ya kweli: pengine jengo lake si la daraja moja la uhifadhi na lako. Malipo yoyote yawe na risiti. Anayetaka "chai" aripotiwe ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar.

Kibali hakimfungi jirani mdomo. Mashine ikimnyima usingizi au maji yake yakimwingilia ndani, bado anaweza kukushtaki kwa kero. Kuanzia kwa sheha huwa rahisi kuliko mahakamani.

Na kama mashine iko juu tayari, bila karatasi? Mamlaka ina uwezo wa kusimamisha kazi na kutaka kilichowekwa kiondolewe. Usisubiri notisi. Yaelekeze maji mbali na ukuta leo, piga picha, usiongeze mashine nyingine, kisha peleka ombi ukieleza hali ilivyo. Notisi ikishafika, soma siku ulizopewa kujibu na ujibu ndani ya siku hizo hizo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na achukue notisi yenyewe, maana wakili hawezi kushauri kwa kusimuliwa.