Ekzosi Huchaguliwa kwa Kipimo, Si kwa Sikio

Ukitoa bloku ya injini ya pikipiki ya CG125 ukaweka ya 150, kipenyo cha pistoni kinapanda kutoka milimita 56.5 hadi 62. Mwendo wake wa kupanda na kushuka unabaki milimita 49.5, lakini injini sasa inasukuma moshi zaidi kwa asilimia 20 hivi, na sailensa ni ile ile ya zamani. Hapo wengi hung'oa kiini cha ndani, pikipiki ikanguruma, na mwenyewe akadhani ameongeza nguvu.

Injini haitaki moshi uzuiwe, inataka utoke kwa kasi. Njia ikiwa finyu, moshi hubaki kwenye silinda na kuziba nafasi ya hewa mpya. Ukivuta resi, pikipiki inachoka. Njia ikiwa pana mno, moshi hulegea, na pikipiki haivuti inapoondoka na abiria au kupanda mlima.

Kwa hiyo, pima kwanza. Moshi ukiongezeka kwa asilimia 20, kipenyo cha njia huhitaji kuongezeka kwa moja ya kumi tu. Palipokuwa na milimita 24, weka 26.

Kisha chagua aina ya kiini:

1. Bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Moshi hupita moja kwa moja na pamba humeza sauti. Linafaa injini inayokimbizwa sana. Pamba huungua taratibu, hivyo kelele zikianza kupanda, ibadilishe.

2. Kiini cha vyumba. Kuta zake hugeuza moshi njia, sauti inapoa. Hakina pamba ya kubadilisha, kinafaa bodaboda inayoshinda mjini. Hakikisha tu vijia vya kati ya vyumba havijawa vyembamba kuliko bomba linaloingia.

3. Bomba lililozibwa mwisho. Hapa moshi hutokea matunduni, basi yahesabu. Bomba la milimita 26 linahitaji matundu 19 ya milimita 6 ili upana ulingane. Toboa kama 24, maana moshi hupita kwa shida kwenye tundu dogo.

Funga kiini kwa bolti kwanza, usichomelee kabla ya kujaribu. Endesha kwa resi kubwa, zima injini hapo hapo, ikipoa fungua plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi: weka jeti kubwa zaidi kwenye kabureta kabla vali hazijaungua. Ikiwa nyeusi yenye masizi, punguza. Ekzosi ikipiga mishindo unapoachia resi, kagua gasketi ya shingoni kabla ya kugusa kabureta. Huenda inavuta hewa.

Viini viwili vikilingana upana na mvuto, nunua kile cha sauti ndogo. Nguvu haitapungua, na trafiki hatakuwa na sababu ya kukusimamisha kwa kelele.