SOMO: NDOA YA WENYE URAIA MBALIMBALI NA HAKI ZINAZOIFUATA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, ndoa baina ya watu wa Oman na watu wa Afrika Mashariki si jambo jipya. Majahazi ya Sur yalikwenda Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na katika Ibra na Nizwa ziko nyumba nyingi ambazo bibi mzaa baba alizaliwa Pemba au Mombasa. Lakini zama zimebadilika, na leo ndoa ina pande mbili: sharti za Sheria ya dini na kanuni za dola. Mwenye kupuuza upande mmoja huwadhulumu wengine, hata kama hakukusudia.

SUALA LA KWANZA: Je, tofauti ya uraia inaizuia ndoa?

JAWABU: Haizuii. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu ametufunza kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na ubora ni kwa ucha-Mungu. Linalotakiwa ni ridhaa ya mume na mke, walii, mashahidi wawili waadilifu, mahari, na tamko la kuoza na kukubali. Baba aliyeko Tanga ambaye hawezi kusafiri anaweza kumuwakilisha mtu wa Nizwa amuozee binti yake, na uwakala huo uandikwe na kushuhudiwa. Sheria ya Mambo ya Kifamilia ya Oman, nambari 32/97, nayo imesimama juu ya misingi hiyo, na imeweka umri wa kuoana kuwa miaka 18.

SUALA LA PILI: Je, kibali cha serikali bado kinahitajika?

JAWABU: Kwa Amri ya Sultani nambari 58/93, Muomani aliyetaka kuoana na mgeni alihitaji kibali kwanza. Amri hiyo ilifutwa mwaka 2023 kwa Amri nambari 23/2023. Hata hivyo, ndoa isipingane na Sheria ya Kiislamu wala utaratibu wa nchi, na ziko kazi za dola ambazo wenye kuzishika wamewekewa mipaka katika jambo hili. Cheti cha ndoa iliyofungwa nje lazima kithibitishwe na wakuu wa nchi kilikotolewa, kifasiriwe kwa Kiarabu, kisha kisajiliwe.

SUALA LA TATU: Mwanamke wa Tanga aliolewa na mtu wa Ibra mbele ya walii wake na mashahidi. Mume hakuiandikisha ndoa Oman, na sasa amefariki na kuacha mtoto mchanga. Ndugu wa marehemu wanasema hawamtambui. Je, anarithi?

JAWABU: Ikiwa sharti zilitimia, huyo ni mke. Atakaa eda miezi minne na siku kumi, na fungu lake ni thumni kwa kuwa marehemu ana mtoto; na kama yuko mke mwingine, watagawana thumni hiyo. Nasaba ya mtoto na urithi wake vimethibiti. Lakini kadhi huhukumu kwa ushahidi. Basi dada yetu na atafute cheti, awatafute mashahidi wangali hai, na apeleke shauri lake mahakamani bila kuchelewa. Na ndugu anayeijua ndoa hii akaficha ushahidi kwa tamaa ya shamba la mitende ajue kuwa anakula mali ya yatima.

SUALA LA NNE: Je, mke mgeni hupata uraia kwa kuolewa?

JAWABU: La. Ukaazi ni jambo moja na uraia ni jingine. Mke huingia kwa viza ya kuungana na mumewe, na ukaazi wake huhuishwa kwa wakati. Uraia una sharti zake katika sheria mpya nambari 17/2025. Mtoto wa baba Muomani hufuata uraia wa baba. Ama mtoto wa mama Muomani na baba mgeni, hapati uraia wa mama kwa kuzaliwa tu. Tena Oman hairuhusu uraia wa nchi mbili ila kwa idhini maalumu, na Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Basi mtu asiuache uraia wake kabla hajawa na yakini ya ule anaoutaka.

NASAHA: Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuandika deni, dogo au kubwa. Ikiwa deni la riali chache linastahiki kalamu na mashahidi, vipi ndoa, ambayo ndani yake mna heshima ya mwanamke na jina la mtoto? Mume asiseme, "Nitaandikisha mwakani," kwani hakuna aijuaye siku ya kufa kwake. Na walii kabla ya kuoza aulize: ndoa hii itasajiliwa wapi, na cheti kitakaa mkononi mwa nani?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutimiza ahadi na kulinda haki. Amin.