Rangi ya Kava za Injini: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumpa Fundi Kazi

Katika miji ya ufuoni kama Malindi, Watamu na Mtwapa, pikipiki iliyonunuliwa iking'aa inaweza kuanza kutoa unga mweupe kwenye kava za injini kabla mkopo wake haujaisha kulipwa. Kava hizo ni za aluminiamu, na chumvi iliyo kwenye upepo wa bahari huila aluminiamu taratibu, hasa pale inapogusana na bolti za chuma. Bolti nazo hukwama, na siku ya kubadilisha pleti za klachi fundi hulazimika kuzikata. Kwa hiyo rangi ya kava ni kinga kwanza, urembo baadaye.

Jambo la kutazama mwanzo ni joto. Kava ya klachi na ya magneto hupata joto la mafuta ya injini, ambalo mara nyingi huwa karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Rangi ya kawaida ya kopo hulainika hapo na kubanduka, na petroli ikiimwagikia hutoka. Inafaa rangi ya injini, ambayo kopo lake limeandikwa kiwango cha joto inachostahimili. Ekzosi hufikia mamia ya nyuzi na huhitaji rangi yake maalum.

Silinda za pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi. Tabaka jembamba la rangi nyeusi halidhuru. Rangi ikirundikwa tabaka juu ya tabaka, joto hukosa pa kutokea, na injini inayopanda na magunia ya mahindi kutoka Ganze ndiyo itakayolipa.

Kwa kava zenyewe, rangi ya poda ndiyo bora kwa anayefanya kazi karibu na bahari. Poda hupulizwa kwa nguvu ya umeme, kisha kava huokwa kwenye tanuri la nyuzi 180 hadi 200 hivi mpaka iyeyuke na kushikana. Hustahimili kokoto na chumvi kuliko rangi ya kopo. Ila ikipasuka, ni vigumu kuiziba mahali pamoja; kwa kawaida kava hupakwa upya yote. Oil sili, gasketi na kioo cha kutazamia mafuta lazima vitolewe kabla ya kuoka.

Kromu hupendwa na vijana, lakini ufuoni haidumu: chumvi hupenya kwenye vitundu vidogo na kuinyanyua. Isitoshe, baadhi ya kemikali zinazotumika kuipaka husababisha saratani. Karakana inayomwaga maji yake machafu mtaroni haistahili kupewa kazi, kwani maji hayo yanaweza kuishia visimani. Anodaizi nayo hufaa zaidi vipuri vidogo vilivyochongwa. Kava za kumiminwa zina silikoni nyingi, na hutoka na mabaka ya kijivu.

Hata rangi bora huharibikia kwenye matayarisho. Mafuta yote yaoshwe, kava ipigwe msasa, kisha ipakwe praima ya aluminiamu siku hiyohiyo. Soda kali isitumike kutoa rangi ya zamani, maana hula aluminiamu yenyewe. Fundi anayesafisha kwa kupuliza mchanga bila kinga ya kupumulia anaharibu mapafu yake, na ya majirani pia.

Nyuso zinazokalia gasketi zifunikwe kwa utepe. Zikipakwa rangi, kava haikai sawa na oili huvuja. Oili hiyo ikifika kwenye tairi la nyuma, pikipiki huteleza kwenye kona ikiwa na abiria. Mwenye pikipiki aombe kuziona nyuso hizo kabla kava hazijafungwa, na bolti zirudishwe zikiwa na grisi kidogo.

Nambari ya injini, iliyogongwa kwenye mwili wa injini, isipigwe msasa wala kufunikwa. Isiposomeka, mwenye pikipiki atapata shida polisi wakiikagua, au siku ya kuiuza. Kubadilisha rangi ya kava pekee hakugusi logibuku. Rangi ya tangi na bodi ikibadilishwa, NTSA inapaswa kujulishwa ili logibuku irekebishwe.