Waitikiaji Mbele ya Kamera: Historia ya Kipindi cha Shindig!, 1964–1966

Mwanafunzi yeyote aliyepitia kozi ya fasihi simulizi anafahamu kwamba wimbo ni kazi ya wengi. Kuna kiongozi anayeuanzisha, kuna waitikiaji wanaompokea, na kuna hadhira ambayo aghalabu haitofautiki na waitikiaji hao. Uwanjani wote huonekana. Santuri ilikuja ikavuruga mpangilio huo: ilihifadhi sauti ikaiacha miili nyuma, na jina lililochapishwa kwenye jalada likawa ndilo pekee linalokumbukwa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi kipindi kimoja cha runinga nchini Marekani, Shindig!, kilivyowarejesha waitikiaji uwanjani, na kwa kiasi gani. Sifa za kipindi hiki hutokana zaidi na wageni wake mashuhuri. Kwa maoni yetu, jambo lake kuu lilikuwa likitendeka hatua chache nyuma ya wageni hao.

Mwasisi wake alikuwa Mwingereza, Jack Good, msomi wa Oxford aliyekuwa na mapenzi makubwa ya tamthilia. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1957, runinga ya Uingereza ilikuwa ikizimwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni ili wazazi wapate nafasi ya kuwalaza watoto. Pengo hilo lilipoondolewa, Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1957, BBC ilikijaza kipindi cha Six-Five Special katika saa hiyo, Good akiwa mmoja wa watayarishaji wake. Humo kamera haikumkodolea mwimbaji peke yake, bali iligeuzwa pia kuwaelekea vijana waliofika studioni kucheza. Kwa istilahi zetu, hadhira tuli iligeuzwa kuwa hadhira tendi. Mwaka uliofuata Good alihamia upande wa ITV akaanzisha Oh Boy!, ambamo nyimbo zilifuatana mbiombio bila maongezi marefu baina yake. Ni yeye pia aliyemvika mwimbaji Gene Vincent ngozi nyeusi na kutaka kuchechemea kwake, kulikotokana na ajali ya pikipiki, kuonekane wazi jukwaani, kana kwamba ni mhusika wa tanzia ya Shakespeare. Mtu wa namna hii hawezi kuuona wimbo kuwa sauti tupu.

Kabla ya kumfuata Marekani, yafaa tutaje tukio lililotangulia huko. Mnamo 1957 shirika la ABC lilikuwa na vipindi viwili vya muziki wa vijana. Kimoja kilikuwa American Bandstand cha Dick Clark, kilichoanza kurushwa kote nchini tarehe 5 Agosti. Kingine, The Big Beat, kiliongozwa na Alan Freed, mtangazaji aliyeeneza sana jina la muziki wa roki. Katika kipindi hicho cha Freed, Frankie Lymon, mwimbaji mweusi aliyekuwa kijana wa miaka 14, alionekana akicheza na msichana wa Kizungu. Stesheni za majimbo ya Kusini zilighadhabika, na kipindi kikafutwa kikiwa bado kichanga. Tuzingatie kilichokataliwa hapa. Haikuwa sauti. Kilichokera ni mwili wenye sauti hiyo.

Shirika hilohilo la ABC ndilo lililoanza kurusha Shindig! tarehe 16 Septemba 1964. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Tarehe 9 Februari mwaka huo watazamaji wapatao milioni 73 walikuwa wamewatazama Beatles katika kipindi cha Ed Sullivan, na tangu hapo hakuna shirika la runinga lililoweza kuwapuuza vijana. Aidha, tarehe 2 Julai Rais Lyndon Johnson alikuwa ametia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia. Kipindi kilikuwa cha nusu saa, cha picha nyeusi na nyeupe, na mfawidhi wake alikuwa Jimmy O'Neill, mtangazaji wa redio wa Los Angeles. Siku ya kwanza Sam Cooke alikuwapo. Tarehe 7 Oktoba walionyeshwa Beatles katika toleo lililorekodiwa London. Kufikia Januari 1965 kipindi kilikuwa kimepewa saa nzima. Katika bendi yake walipiga James Burton, mpiga gitaa ambaye baadaye alifanya kazi na Elvis Presley, na Billy Preston, aliyekuja kupiga kinanda na Beatles mwaka 1969.

Sasa tuwatazame waitikiaji. Kundi la Blossoms lilikuwa la wanawake watatu weusi: Fanita James, Jean King na Darlene Love. Katika studio za Los Angeles sauti zao zilitumika katika santuri nyingi, na mara nyingi majina yao hayakutajwa popote. Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa mwaka 1962. Mtayarishaji Phil Spector alitaka kuutoa upesi wimbo wa He's a Rebel, ilhali kundi lake la Crystals lilikuwa New York. Akamwita Darlene Love na wenzake wauimbe, kisha akautoa kwa jina la Crystals. Mwezi wa Novemba wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani. Crystals wenyewe wakalazimika kujifunza kuuimba wimbo uliojulikana kuwa wao!

Katika Shindig! ulaghai wa aina hiyo usingewezekana, maana anayeimba alionekana akiimba. Kila wiki Blossoms walisimama mbele ya taifa zima, wakimpokea mwimbaji mweusi na mweupe vilevile, na mara nyingine wakiimba peke yao. Haya yalitukia wakati ambapo mwanamke mweusi katika runinga ya Marekani aghalabu alipewa nafasi ya mtumishi wa nyumbani. Hata hivyo tusitie chumvi. Walibaki waitikiaji, kamera iliwapitia na kurudi kwa kiongozi, na kipindi hakikuwa chao. Kilichobadilika ni kwamba sauti yao ilikuwa na sura.

Tukio linalosimuliwa zaidi ni la tarehe 20 Mei 1965. Rolling Stones walialikwa, nao wakashikilia kwamba Howlin' Wolf lazima awepo. Mzee huyu, jina lake halisi Chester Burnett, alizaliwa Mississippi mwaka 1910, na mmoja wa nyimbo alizozirekodi, Little Red Rooster, ulikuwa umewapa Rolling Stones nafasi ya kwanza Uingereza mwishoni mwa 1964. Alipoimba, vijana hao wa Kiingereza waliketi chini wakamtazama. Fanani wakawa hadhira. Ajabu ni kwamba Wamarekani walihitaji wageni kutoka ng'ambo ili waonyeshwe mzee wa nyumbani kwao.

Baada ya hapo hakuna mengi. Good aliondoka mwaka 1965, na msimu wa vuli kipindi kikakatwa vipande viwili vya nusu saa, Alhamisi na Jumamosi. Watazamaji walipungua, na tarehe 8 Januari 1966 kikafikia tamati. Siku chache baadaye saa yake ya Alhamisi ilichukuliwa na Batman.

Blossoms walionekana tena nyuma ya Elvis Presley katika kipindi chake maalumu cha Desemba 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Darlene Love alikuwa akisafisha nyumba za watu Los Angeles. Amesimulia mwenyewe kwamba siku moja, akiwa kazini, alisikia redio ikipiga wimbo wake wa Krismasi wa mwaka 1963, naye akaamua kurejea jukwaani. Mwaka 2011 aliingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa roki. Filamu ya 20 Feet from Stardom (2013), inayowahusu waitikiaji kama yeye, ilipotunukiwa Oscar mwaka 2014, alipanda jukwaani na watayarishaji wake. Zamu yake ya kusema ilipofika aliimba, bila ala na bila waitikiaji.