Mali Kauli na Siku ya Kulipa

Ndugu msomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu haielezi sala wala saumu, wala haisimulii habari za Manabii. Inaeleza deni. Ni aya ya 283 ya Sura ya Pili, ukihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza. Kwa hesabu ya wengine ni ya 282. Humo Mwenyezi Mungu anawaamuru waaminio kwamba wakopeshanapo kwa muda uliotajwa, waandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atamke maneno ya kuandikwa, mashahidi wawekwe, tena watu wasichoke kuliandika deni, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Maneno haya ya mwisho ndiyo tutakayoyachungua leo, kwani wengi huandika kiasi cha fedha wakaisahau siku.

Mali kauli ni desturi ijulikanayo sana nchini Tanzania. Mwenye bidhaa humpa mwenzake mzigo bila kupokea fedha, naye hulipa akiisha kuuza. Desturi hii si mbaya. Mtukufu Mtume (s.a.w.) mwenyewe alinunua chakula kwa Myahudi mmoja kwa deni la muda, akaweka rehani deraya yake ya chuma. Ubaya huingia pale ambapo kauli imekosa siku.

Tuseme mama mmoja mfanyabiashara wa Kitaji, mjini Musoma, amepeleka magunia ya dagaa kwa mwenye duka wa Bunda. Mzigo umepokewa tarehe 3 Machi. Ankara imeandikwa tarehe 10 Machi, na chini yake pana maneno haya tu: "Malipo siku 30." Je, siku ya kulipa ni ipi? Mama ahesabu tangu mzigo ulipopokewa, apata tarehe 2 Aprili. Karani wa duka ahesabu tangu tarehe ya ankara, apata 9 Aprili. Mwenye duka naye asema kwamba yeye hufunga hesabu mwisho wa mwezi, ndipo siku 30 zianze. Apata 30 Aprili. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo, lakini baina ya wa kwanza na wa mwisho pana siku 28. Katika siku hizo mama anadaiwa na mwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi anadaiwa ujira na wavuvi wake. Mtaji mdogo hufa katika pengo kama hilo, na urafiki hufa pamoja nao.

Dawa yake ni nyepesi mno. Iandikwe tarehe yenyewe: "Ilipwe ifikapo tarehe 9 Aprili." Na mpokeaji atie sahihi yake na tarehe kwenye hati ya kupokea mzigo, ili pasiwe na ubishi juu ya siku mzigo ulipofika.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, kwa mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Hakuwakataza. Aliwaagiza kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane.

Huku ziwani muda huwekwa pia kwa njia nyingine. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri, na mitumbwi hupumzika. Basi mvuvi husema, "Nitakulipa giza lijalo." Wanazuoni wa kale walihitilafiana juu ya miadi ya namna hii. Imam Malik aliruhusu kuuza kwa miadi ya mavuno, kwa sababu msimu wake hujulikana. Imam Shafii alikataa, kwa sababu mavuno huweza kutangulia au kuchelewa. Kwa maoni yetu, siku za giza ni nyingi, na mwenye kudai atakuja siku ya kwanza hali mdaiwa anaifikiria ya mwisho. Hata neno "mwezi" lina utata: mwezi mwandamo una siku 29 au 30, Machi ina 31, na mwaka wa mwandamo hupungua kwa siku kama 11. (Na asemaye "nitalipa Idi" ajiandae kuulizwa: ya mwezi ulioonekana wapi?)

Siku ikiisha kuwekwa, ni haki ya wote wawili. Mwenye kudai hana ruhusa ya kumsumbua mdaiwa kabla yake. Na mdaiwa mwenye uwezo akichelewesha baada yake anadhulumu, ndivyo alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Ama aliyefikwa na dhiki ya kweli, aya ya 281 ya Sura hiyo hiyo yaamuru apewe nafasi mpaka apate wasaa.

Hapa pana jambo zito. Baadhi ya ankara huandikwa kwamba atakayechelewa ataongezewa asilimia fulani kila mwezi. Ndugu uliyesilimu karibuni, tazama vema: Waarabu wa zama za ujahili, muda ulipofika, walimwambia mdaiwa alipe au deni liongezwe. Hiyo ndiyo riba yenyewe iliyoharimishwa, na kuandikwa kwenye karatasi nzuri hakuibadilishi. Omba kifungu hicho kifutwe kabla ya kupokea mzigo.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1971 kuhusu ukomo wa madai imeweka miaka 6 ya kupeleka mahakamani dai la mkataba. Deni lisilo na siku ya kulipa huzusha ubishi juu ya lini miaka hiyo imeanza. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu deni halifutiki kwa kupita miaka.

Na mdaiwa akifa? Sura ya Nne yaamuru mirathi igawanywe baada ya wasia na deni kutolewa. Wanazuoni wengi wamesema deni la muda huiva papo hapo mdaiwa afapo. Wafuasi wa Imam Ahmad bin Hanbal wameruhusu muda uendelee iwapo warithi wataweka dhamana. Kwa hiyo nakala moja ya ankara ikae nyumbani, mahali ambapo mke au mtoto mkubwa anapajua.